Shule ya mtoto wako inashika mkia? Kisa cha Keriko kina funzo kwa mzazi

Kila matokeo ya KCSE yakitangazwa, wazazi wengi wenye watoto katika shule za kutwa mashinani hubaki na swali lile lile: nimhamishe mtoto au nimwache hapa hapa?

Kwa wengi, kuhamisha hakuwezekani. Karo ya bweni haipo, na shule ya jirani nayo haina tofauti kubwa. Linalobaki ni kuuliza kama shule iliyo karibu na nyumbani inaweza kubadilika.

Shule ya upili ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, inatupa jibu. Wengi waliisikia Machi 2019, pale mwalimu wake wa hisabati na fizikia, Bruda Peter Tabichi, aliposhinda tuzo ya Global Teacher Prize huko Dubai na kukabidhiwa Dola milioni moja. Lakini zawadi ilikuja mwisho. Mwanzo wenyewe ulikuwa mgumu.

Mwalimu mmoja alihudumia wanafunzi 58. Kompyuta ilikuwa moja. Wapo wanafunzi waliotembea kilomita saba, kwa barabara zisizopitika mvua ikinyesha. Wanafunzi 95 kati ya kila 100 walitoka familia maskini, na karibu thuluthi moja walikuwa yatima au wana mzazi mmoja tu. Njaa, mihadarati na mimba za mapema zilikuwa mambo ya kawaida.

Hodi, wenyewe mpo?

Walichofanya Tabichi na walimu wenzake wanne hakikuhitaji majengo mapya. Waliwafundisha hisabati na sayansi wanafunzi waliokuwa nyuma, mmoja mmoja, nje ya saa za darasa na wikendi. Tabichi alibisha hodi nyumbani kwa wanafunzi ili aone kinachowakwamisha. Palipokuwa na mpango wa kumwoza msichana mapema, alizungumza na familia ili binti arudi darasani. Wanakijiji nao aliwafunza kupanda mimea inayostahimili ukame, maana mtoto mwenye njaa hasomi.

Shuleni alianzisha chama cha kukuza vipaji, na cha amani kwa wanafunzi wa makabila mbalimbali.

Kesi za utovu wa nidhamu zilishuka kutoka 30 kwa wiki hadi tatu. Idadi ya wanafunzi iliongezeka maradufu hadi 400. Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 walijiunga na vyuo. Mwaka 2018 wakawa 26. Bado si shule inayoongoza nchini, lakini kwa familia hizo 26, hayo ni mabadiliko makubwa.

Kuja shuleni ni nusu ya safari

Nikiwa mwandishi wa masuala ya afya, naona hapa jambo ambalo wazazi hulipuuza. Mara nyingi alama mbovu huanza na siku ambazo mtoto hakufika darasani, au alifika akiwa mgonjwa au na njaa.

Kuanzia 1998, watafiti Edward Miguel na Michael Kremer walifuatilia mradi wa kuwapa dawa za minyoo wanafunzi wa shule 75 za msingi Busia. Katika shule zilizopata dawa, utoro ulipungua kwa takriban robo. Watafiti wengine baadaye walibishana kuhusu ukubwa wa manufaa hayo, lakini kuna matokeo mengine ambayo hayatajwi sana: alama za mtihani hazikupanda.

Kwa hivyo afya humleta mtoto darasani, lakini haimfundishi. Lazima akifika amkute mwalimu anayejua yuko nyuma wapi, na aliye tayari kukaa naye. Keriko walishughulikia yote mawili kwa pamoja, nyumbani na darasani.

Anza na maswali haya

Mtoto wako amekosa siku ngapi muhula huu, na kwa nini? Kama hujui, muulize mwalimu wa darasa. Ikiwa binti hukosa siku chache kila mwezi, huenda tatizo ni sodo au choo kisichofungika.

Anakula nini kabla ya kuondoka asubuhi, na saa sita mchana? Kama shule haina chakula, zungumza na wazazi wenzako mwone mnachoweza kuchanga, hata kama ni mahindi na maharagwe.

Anaona ubao vizuri? Mtoto anayekodoa macho au kunakili kutoka kwa jirani yake anafaa kupimwa macho kabla ya kuitwa mzembe.

Nani anakuwakilisha katika bodi ya shule? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawapa wazazi nafasi sita humo. Mtafute mwakilishi huyo. Muulize ni watoto gani wameachwa nyuma na ni nani anawasaidia, si wastani wa alama peke yake.

Mwalimu akija kwako, mkaribishe hata kama nyumba haijapangwa. Hakuja kukagua. Na ikiwa hakuna anayekuja, nenda wewe shuleni wiki hii, mapema, usingoje siku ya matokeo.