Panga la shilingi 10,000, upanga wa Kirumi na hesabu ya mpini mpya Kiongoroni

Upanga mfupi wa askari wa Kirumi wa karne ya 1, ule ambao wataalamu huuita aina ya Pompeii, ulikuwa na bapa la sentimita 42 hadi 50. Panga la shambani la inchi 18 lina bapa la sentimita 46. Kwa urefu, chombo kinachofyekea shamba la mpunga Kiongoroni, katika delta ya Rufiji, kinaingia katikati kabisa ya kipimo cha Kirumi. Kwa uzito mambo yanabadilika. Bapa la panga lenye upana wa wastani wa sentimita 6.5 na unene wa milimita 2 lina chuma cha gramu 469 hivi. Ukiongeza msuka, yaani sehemu ya chuma inayobanwa ndani ya mpini, gramu 57, na mpini wa mti wa gramu 73, jumla ni kama gramu 600. Upanga wa Kirumi ulikuwa na gramu 700 hadi 1,000.

Nalinganisha vitu hivi viwili kwa sababu wapo wanaonunua nakala rahisi za upanga huo, nyingi zikitoka viwanda vya India, kisha wakazitengeneza upya nyumbani: kubadili mpini, kusawazisha bapa, kushona ala. Mtu wa delta hulifanyia panga lake kazi hiyohiyo. Swali ni moja kwa wote wawili: je, kazi hiyo inaokoa fedha?

Bidhaa za ulimwengu wa Kirumi si ngeni katika pwani hii. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne hiyo ya 1, Periplus, kinataja bidhaa zilizoletwa Rhapta, soko ambalo baadhi ya watafiti wanaliweka karibu na delta ya Rufiji: mikuki iliyotengenezwa katika bandari ya Muza, Arabuni, mahsusi kwa soko hili, mashoka, visu vidogo, misharasi na vitu vya kioo. Mwanaakiolojia Felix Chami alichapisha mwaka 1999 habari za shanga za Kirumi kutoka eneo la Rufiji. Upanga haumo katika orodha ile. Vyuma vilivyoletwa ni vya kazi, ukiitoa mikuki, na hata hiyo huua wanyama wa porini.

Sasa fedha. Bei zote za vifaa hapa chini ni za mfano, namba kamili ili hesabu ifuatike. Mwenye bei ya duka lake aibadilishe na kujumlisha upya. Nakala ya upanga kwa dola 100 na usafirishaji wa dola 40, kwa dola moja shilingi 2,600, ni shilingi 364,000. Viwango vikuu vya ushuru wa forodha vya Afrika Mashariki tangu Julai 2022 ni asilimia 0, 10, 25 na 35. Nikikadiria 25, ushuru ni 91,000 na jumla inafika 455,000. VAT ya asilimia 18 inaongeza 81,900. Upanga unasimama kwenye shilingi 536,900 ukiwa bado Dar es Salaam, kabla ya nauli ya gari hadi Nyamisati na ya boti kuingia delta.

Kwa fedha hizo unapata mapanga 53 ya shilingi 10,000, na chenji ya 6,900. Forodha nayo haivitazami vitu hivi kwa jicho moja: panga liko kichwa 8201 pamoja na majembe na mashoka, upanga uko 9307, katika sura ya silaha.

Kuhusu upanga hesabu ya kazi ya nyumbani ni fupi. Mpini wa Kirumi una vipande vitatu: tufe la nyuma, mshiko wenye mabonde ya vidole, na kinga ya nusu tufe. Tufe la kipenyo cha sentimita 6 ni sentimita za ujazo 113, kinga ya kipenyo cha 8 ni 134, mshiko ni kama 72. Jumla 319, mara tatu ya mti wa mpini wa panga, ambao ni 105. Tuseme kazi yote inachukua saa 12, na saa moja ina thamani ya shilingi 1,000, yaani kibarua cha 8,000 kwa siku ya saa 8. Hiyo ni 12,000, asilimia 2.2 ya bei ya upanga. Aliyekwisha kulipa nusu milioni hahitaji kuumiza kichwa kwa saa zake.

Kwenye panga ndipo saa zinapouma. Safu za gharama ni hizi: panga 10,000, tupa ya 8,000 inayogawanywa kwa mapanga manane, 1,000, msasa 2,000, ribiti za kubana mpini 1,500, mafuta 500, ala ya kipande cha bomba la plastiki kilichopashwa moto na kubanwa, 2,000. Jumla ni 17,000, na hiyo ndiyo bei utakayoambiwa. Ongeza mti wa 3,000 na saa 6 za kazi, unafika 26,000. Asiyekuwa na mapanga mengine ya kugawana tupa aibebe yote, na jumla yake ni 33,000. Panga ni lilelile na mpini ni uleule, lakini kati ya jumla ya chini na ya juu kuna tofauti ya asilimia 94. Chuma chenyewe kinaanzia asilimia 59 ya gharama na kushuka hadi 30, kutegemea safu ipi umeiacha wazi.

Safu inayoachwa wazi mara nyingi ni ya mti. Delta imezungukwa na mikoko, takriban hekta 53,000, karibu nusu ya mikoko yote ya Tanzania Bara, na mkomafi ni mti mzuri wa kuchonga. Lakini mikoko hiyo ni msitu wa hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na kukata bila kibali ni kosa. Kwa hiyo sifuri katika safu hiyo ni halali tu ikiwa mti umetoka kwenye tawi la mwembe au mkorosho wa shambani kwako.

Tusikuze jambo hilo kupita kiasi, hata hivyo. Mipini 1,000 ya sentimita za ujazo 105 ni mita za ujazo 0.105. Hata kama theluthi mbili ya mti inaishia kuwa maganda na vumbi, mahitaji ni mita za ujazo 0.315. Anayetaka kujua mikoko inakwenda wapi aanze na mashamba ya mpunga, boriti na kuni, si na mipini.

Turudi kwenye faida. Mshindani wa panga lililotengenezwa upya ni panga jipya. Tuseme mpini wa plastiki wa kiwandani hudumu miaka 2, kisha mtu hununua jingine. Panga jipya nalo linahitaji tupa ya 1,000 na saa moja ya kutiwa makali, kwa hiyo ni 12,000, au 6,000 kwa mwaka. Lililotengenezwa ni 26,000, na likifika mwaka wa 4 linahitaji mpini mwingine: mti 3,000, ribiti 1,500, msasa 1,000, saa mbili 2,000, jumla 7,500. Yote ni 33,500. Gawanya kwa 6,000: bapa lazima lidumu miaka 5.6 ndipo fedha irudi.

Mtu asiyehesabu mti wala saa zake ana picha nyingine. Kwake panga lililotengenezwa ni 17,000 na jipya ni 11,000, yaani 5,500 kwa mwaka, na fedha yake inarudi katika miaka 3.1. Pengo la miaka miwili na nusu kati ya hesabu hizi mbili halikutokana na ubora wa chuma hata kidogo.

Dhana ya miaka 2 nayo inastahili kutiliwa shaka. Mpini wa plastiki ukidumu miaka 3, panga jipya linashuka hadi 4,000 kwa mwaka, na 33,500 inahitaji miaka 8.4. Kufikia hapo mpini wa pili wa mti umemaliza miaka yake na 7,500 nyingine inadaiwa. Jumla inakuwa 41,000, na muda unaruka hadi miaka 10 na robo.

Ni bapa lipi litakalofika huko katika maji ya chumvi? Chuma cha panga si cha kuzuia kutu. Bapa likiliwa mwaka wa 4, kabla ya mpini wa pili, 26,000 imegawanyika kuwa 6,500 kwa mwaka, hasara ya 500 kila mwaka dhidi ya kununua jipya. Kuna hatari nyingine isiyohusu chumvi: anayeharakisha kunoa kwa grinda mpaka chuma kigeuke bluu amekifikisha kama nyuzi 300 za Selsiasi, na makali ya hapo yanaweza kulegea. Yakilegea, atanoa mara nyingi zaidi, na bapa litaisha kwa tupa kabla ya kutu.

Dawa ya kutu inayotajwa ni mafuta. Tuseme yanalisogeza bapa hadi mwaka wa 7. Bila bei ya mafuta hayo, gharama ni 4,786 kwa mwaka, chini ya 6,000. Lakini kopo la 3,000 kila mwaka linaipandisha hadi 7,786, na hesabu imepinduka tena. Ili panga lililotengenezwa lishinde, mafuta yasizidi shilingi 1,214 kwa mwaka, kiasi ambacho kwa vitendo kinamwachia mwenye panga oili chafu ya pikipiki anayopewa bure.