Kupiga Wimbo wa Wengine kwa Uaminifu

Ninyi vijana wa korali, jina la Beatles munalijua, wale vijana 4 wa Liverpool, Uingereza. Tarehe 29 Agosti 1966, kule San Francisco, Marekani, walipiga konseri yao ya mwisho ya kulipisha watu. Makelele ya wapenzi wao yalizidi, hata wao wenyewe hawakusikia vizuri kitu walichopiga. Kiisha wakajifungia ndani ya studio ya Abbey Road, London. Mwaka 1969 tu walipanda juu ya paa ya nyumba ya ofisi yao wakapiga kidogo, basi.

Mashini ya kunasa sauti ilikuwa na njia 4 tu. Zikijaa, wanazikusanya pamoja ili kupata nafasi ya sauti zingine. Wimbo Strawberry Fields Forever, wa 1967, uliungwa kwa vipande viwili vilivyopigwa siku mbalimbali, kila kimoja na mwendo wake. George Martin na Geoff Emerick waliharakisha kimoja, wakapunguza mwendo wa kingine, wakaviunganisha. Ndiyo maana sauti yake haikai sawasawa juu ya vibao vya piano. Kwa A Day in the Life waliita wapiga vyombo 40. Kazi ya namna ile, Beatles hawakuipiga hata siku moja mbele ya watu.

Sasa, mwaka 2014 kule Uholanzi, Fred Gehring, mpiga ngoma aliyekuwa mukubwa wa kampuni ya nguo, alianzisha kundi The Analogues. Kazi yao ilikuwa kupiga disiki zile za mwisho mbele ya watu, toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa vyombo vya namna ileile. Hawakuvaa nywele za bandia, hawakujifanya kuwa John ao Paul. Walitafuta mpaka mellotron, ile inayofanana na piano, lakini kila kibao kinavuta utepe wenye sauti ya filimbi ao violoni. Mwaka 2017, disiki Sgt. Pepper ilipotimiza miaka 50, waliipiga yote. Lennon aliuawa 1980, Harrison akafa 2001. Wenyewe hawangeweza tena.

Wazee wengine watasema: Mchungaji, Beatles tena? Si Lennon alisema mwaka 1966 kwamba wanapendwa kuliko Yesu? Ndiyo, alisema, na kule Marekani watu wakachoma disiki zao. Neno lile lilikuwa baya, mimi silitetei. Ninaangalia ule uvumilivu wa kusikiliza.

1 Mambo ya Nyakati 25 inahesabu waimbaji 288 wa nyumba ya Bwana, na wote walikuwa wamefundishwa. Kwetu, wimbo unachukuliwa kwa telefone Alhamisi, Jumapili unaimbwa: alto imepotea, maneno mengine tumeyabuni, kiisha tunasema Roho atasaidia! Tena huo ni wimbo ambao mwenyewe yuko muzima na kaseti iko. Lakini zile nyimbo baba zetu walizitunga ndani ya kambi za wafanyakazi wa migodi, bila kuandikwa popote? Kati ya wazee waliobaki kwa parokia yenu, ni nani angali anajua sauti ya tatu?