Kuupanda Ukingo wa Bonde la Ufa kwa Nguvu za Miguu

Anayetoka Makuyuni kuelekea Ngorongoro hukutana na ukuta. Tambarare imenyooka, makundi ya ng'ombe yanavuka barabara, kisha upande wa magharibi ardhi inasimama karibu wima, imevaa miti na mibuyu hadi juu. Chini ya ukuta huo ndipo ulipo mji wa Mto wa Mbu, na ukishaumaliza ukuta uko njiani kuingia Karatu. Gari la watalii huupanda kwa dakika chache, abiria wake tayari wanawaza simba na faru wa kreta. Mwenye baiskeli huupanda kona kwa kona, na kwa sababu hiyo anapata nafasi ya kuona anapanda nini.

Mto wa Mbu uko chini kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Karatu, mwendo usiozidi kilomita 30, iko kwenye mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,200. Ukuta wenyewe ni ukingo wa magharibi wa Bonde la Ufa. Gamba la dunia limekuwa likivutwa pande mbili kwa mamilioni ya miaka. Lilipopasuka, upande mmoja ukadidimia na mwingine ukabaki juu. Kwenye nyufa hizo uji wa moto ukapata pa kutokea, ukajenga safu ya volkano ambazo leo tunaziita nyanda za juu za Ngorongoro: Oldeani, Lemagarut, Olmoti, Empakaai, Loolmalasin. Ngorongoro nayo ilikuwa mlima mrefu. Zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita kilele chake kiliporomoka ndani, kikaacha kreta yenye upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600.

Mabadiliko hayo mguu huyahisi kabla jicho halijayaona. Mto wa Mbu kuna joto, migomba, majaruba ya mpunga na ndizi nyekundu zinazouzwa kando ya barabara. Baada ya kona za mwisho, upepo unageuka baridi. Kilimamoja na Rhotia zinafika na udongo mwekundu wa volkano, mashamba ya mahindi, maharage, ngano na mbaazi yakipanda na kushuka juu ya vilima. Hapa ni kwa Wairaqw, watu wa lugha ya Kikushi ambao asili yao ya karibu ni milima ya Mbulu. Zamani walichimba nyumba zao ndani ya miteremko, paa likilingana na ardhi, ili wao na mifugo yao wasionekane na wavamizi. Ukipita kwa kasi, vilima hivi vyote vinafanana. Ukivipanda kwa pedali unaanza kujua mteremko upi unafaa kuficha nyumba.

Maji pia yana habari yake. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko ya mashariki na kusini ya nyanda hizi, zikalisha msitu mnene wenye ukungu. Upande wa pili, kuelekea korongo la Olduvai, ni nyika kavu. Mvua inayonywewa na msitu huo hupenya kwenye miamba na kutokea chini kama chemchemi. Ndiyo inayosaidia kustawisha msitu wa Hifadhi ya Ziwa Manyara na mashamba ya umwagiliaji ya Mto wa Mbu, na upande wa Ziwa Eyasi ndiyo inayoiwezesha Mang'ola kulima vitunguu katikati ya nchi ya vumbi. Kwa hiyo anayekanyaga pedali kutoka mpunga hadi msitu anafuata maji kinyumenyume, kutoka shambani hadi yanakoanzia.

Utalii wa baiskeli ulianzia chini. Katikati ya miaka ya 1990, mpango wa utalii wa utamaduni ulioungwa mkono na Waholanzi kupitia shirika la SNV uliwapa vijana wa Mto wa Mbu nafasi ya kuwaongoza wageni kwa miguu na kwa baiskeli kwenye mashamba, kwa wachongaji na hadi karibu na Ziwa Manyara. Leo baiskeli za gia za kukodisha ni jambo la kawaida mjini hapo. Wenye nguvu zaidi hufuata njia ya vumbi kuelekea kaskazini, wakiwa na ukuta wa Bonde la Ufa upande wao wa kushoto, hadi Engaruka. Huko yako mabaki ya mji wa wakulima waliomwagilia mashamba kwa mifereji ya mawe mamia ya miaka iliyopita, wakiyakinga maji yaleyale yanayoshuka kutoka nyanda za juu. Njia hiyo ina mchanga unaomeza tairi na miiba isiyo na huruma, hivyo pampu na viraka vya pancha si vitu vya kuacha nyumbani.

Kupanda kutoka Mto wa Mbu hadi Karatu ni kazi ya subira: gia ndogo, pumzi ya polepole, maji mengi. Hatari zaidi ni kushuka. Breki za mpira zikibanwa mfululizo kwenye mteremko mrefu huchemsha rimu, na rimu ikichemka tairi linaweza kupasuka. Wazoefu hubana na kuachia, na husimama katikati ya mlima kuacha magurudumu yapoe. Pale pa kusimama ziwa lote la Manyara linaonekana, likiwa limejaa au limekauka kutegemea mvua za mwaka huo.

Waliotangulia kwenye mlima huu, hata hivyo, si watalii. Ni wakazi wanaobeba ndizi, kuni, madumu ya maziwa na magunia ya mahindi kwenye kerieri za baiskeli zisizo na gia hata moja. Wakishindwa kukanyaga wanakokota, na mlima unaisha.

Huenda ndiyo maana nchi hii imezaa watu wa pumzi ndefu. Filbert Bayi, aliyezaliwa Karatu mwaka 1953, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch mwaka 1974, akikimbia mbele tangu mwanzo hadi mwisho kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Miaka sita kabla yake John Stephen Akhwari wa Mbulu, wilaya ambayo Karatu ilimegwa kutoka kwake, alimaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico akiwa ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, na dunia bado inamkumbuka kuliko wengi waliomtangulia siku ile. Kuishi mahali pa juu huizoesha damu kubeba oksijeni kwa ufanisi, na shule iliyo mbali humfanya mtoto akimbie kila siku. Mwezi Desemba, taasisi ya Filbert Bayi imekuwa ikiandaa Tamasha la Michezo na Utamaduni la Karatu, ambapo mbio za miguu na mashindano ya baiskeli hukutanisha mji mzima. Ni tamasha linalostahili kutangazwa kwa nguvu kuliko linavyotangazwa.

Kwa waendesha baiskeli wengi safari huishia lango la Lodoare, kilomita zaidi ya 10 kutoka Karatu mjini. Ndani ya lango ni Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1979, na barabara yake inapita katikati ya msitu wa nyati na tembo. Kuanzia hapo kazi ni ya miguu, na mtembeaji haendi bila mwongozaji na askari wa uhifadhi mwenye silaha. Sharti hilo lina sababu: nyati dume aliyeshtuliwa kichakani hampi mtu nafasi ya kujieleza.

Matembezi mepesi yapo upande wa Karatu wenyewe, kwenye ukingo wa msitu juu ya mashamba ya kahawa. Kwa saa mbili au tatu njia hupanda kwenye mapango ya tembo, na njia hiyohiyo ina maporomoko ya maji. Mapango hayo ni kingo za udongo ambazo tembo huzichimba kwa pembe ili walambe madini yenye chumvi, na alama za pembe zinaonekana wazi ukutani. Familia ya Arusha inaweza kuyaona mwishoni mwa juma na kurudi nyumbani. Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, na bado wengi wetu hatujawahi kwenda.

Matembezi makubwa ni yale ya kutoka Nainokanoka hadi Ngare Sero, karibu na Ziwa Natron. Huchukua siku tatu au nne, mizigo ikibebwa na punda wa Wamaasai. Siku ya kwanza ni Olmoti, kreta ya nyasi inayotoa Mto Munge. Maji yake huporomoka ukingoni na kwenda kuingia kreta ya Ngorongoro. Njia hupita Bulati, malisho ya wazi yenye upepo mkali na ng'ombe wengi, hadi Empakaai. Kreta hii ina upana wa kilomita 6 hivi, na ziwa la magadi limechukua sehemu kubwa ya sakafu yake. Mtembeaji hushuka msituni kwa chini ya saa moja hadi ufukweni kwenye flamingo, kisha hugundua kwamba kupanda kurudi ni habari nyingine kabisa. Asubuhi ikiwa safi, kutoka ukingoni humo huonekana Ol Doinyo Lengai, na mbali zaidi Kilimanjaro.

Baada ya kijiji cha Naiyobi njia huporomoka. Baridi ya kulalia blanketi mbili inaachwa nyuma, migunga inafuata, na joto la bonde linapanda kukupokea. Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamaasai, unasimama kando ukiwa na mita 2,962. Ni volkano pekee iliyo hai duniani inayotoa lava ya magadi: hutoka nyeusi, nyepesi, yenye joto la nyuzi kama 500 hadi 600 tu, na ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na 2008. Mbele yake ni Ziwa Natron, ambalo ncha yake ya kaskazini inagusa Kenya na ambalo hupokea maji ya Ewaso Ng'iro kutoka huko. Flamingo wadogo wengi kabisa wa dunia huanguliwa juu ya magadi yake.

Karibu na Ngare Sero zimehifadhiwa nyayo za binadamu zinazozidi 400 kwenye majivu ya volkano yaliyoganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliziweka kati ya miaka 5,000 na 19,000 iliyopita. Upande wa pili wa nyanda hizi, Laetoli, timu ya Mary Leakey ilifukua mwaka 1978 nyayo za miaka milioni 3.6, za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili. Mtu akitafuta nchi yenye haki ya kujiita ya watembeaji, hana haja ya kwenda mbali.

UNESCO iliitambua sehemu kubwa ya eneo hili mwaka 2018 kuwa Jiopaki ya Ngorongoro Lengai, nayo inagusa wilaya za Ngorongoro, Karatu na Monduli. Hadhi hiyo ina maana kijijini pale inapomlipa mwenye punda, mwongozaji, mama anayeuza chai na maziwa. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za hifadhini zimehamishiwa Msomera, Handeni. Serikali inasema zimehama kwa hiari, na wakazi wengine pamoja na watetezi wa haki wanapinga hilo. Njia za kutoka Nainokanoka hadi Naiyobi ni za wafugaji wa hifadhi hiyohiyo na mifugo yao. Mpango wowote wa utalii wa miguu unaowasahau waliozikanyaga njia hizo unaanza vibaya.

Na kwenye lami ya Mto wa Mbu kuna jambo lililo ndani ya uwezo wetu. Magari ya watalii, malori na mabasi hupishana kwenye kona ambako nafasi ya baiskeli ni finyu, huku mtu akikokota mikungu ya ndizi pembeni. Njia ya pembeni yenye upana wa mita moja na nusu, angalau upande wa kupanda, pamoja na vituo viwili vya kupumzikia vyenye kivuli, ingemfaa yeye kwanza, kisha mtoto wa shule, kisha mgeni mwenye baiskeli ya gia.