Jani la Sale

Ukipanda kutoka Moshi mjini kwenda Kibosho, Uru au Marangu, utaona pembeni mwa vihamba vya migomba na kahawa mmea wa majani marefu ya kijani, umepandwa kwa mstari. Ni masale. Hapo ndipo kihamba cha fulani kinapoishia.

Mimi nilikua nikiyaona kila siku bila kuyafahamu. Mwaka mmoja nilipanda nyumbani kwa Krismasi, kama ilivyo desturi yetu, nikiwa na gari la kuazima. Njia ilikuwa nyembamba. Nikang'oa masale sita ya jirani, nikayatupa migombani. Nilijiambia ni majani tu. Nilisahau kwamba marehemu baba na mzee yule waliwahi kufikishana barazani kwa ajili ya mpaka huo huo.

Mama alipoona hakunigombeza. Aliokota shina moja, akachuma jani, akanipa.

"Mwanangu, ulichong'oa ndicho utakachompelekea."

Kwetu Wachaga, aliyekosa humpelekea jani la sale yule aliyemkosea. Anayelipokea, hata awe na hasira namna gani, haimpasi kukataa kusamehe. Mmea ule ule unaotenganisha ndio unaopatanisha.

Nilikwenda, miguu mizito. Mzee alilitazama jani kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaa." Akaagiza mbege. Kesho yake tuliyachomeka mashina mahali pake, yeye akishika upande mmoja nami wa pili. Yalikuwa yamelala juani siku nzima. Pasaka niliporudi, yote sita yalikuwa yameshika.

Hapo nikaelewa. Wazee hawakuyachagua masale kwa uzuri wake. Waliishi nayo, wakayajua tabia: hukatwa yakachipua tena, na kiangazi hubaki kijani. Wakaona kuwa ujirani nao unapaswa kuwa hivyo. Elimu hiyo hawakuisoma popote. Waliipata kwa kuutazama mmea mmoja miaka na miaka.

Siku hizi vihamba vimegawanywa kwa watoto na wajukuu mpaka vimekuwa vidogo, na wengi wetu tunaotoka mjini tunajenga kuta za matofali. Sikatai, ukuta huonyesha mpaka vizuri. Lakini siku tutakapokosana, ndugu wasikilizaji, tutachuma nini ukutani cha kumpelekea jirani?