Gari la gereji kwenye uwanda wa chumvi: safari ya kwenda tu haihesabiwi

Na Mwandishi Wetu

KWA wafanyabiashara wa ukanda huu, chumvi ni mzigo. Inatoka Katwe, magharibi mwa Uganda, na kuvuka kwenda Kongo. Inatoka Uvinza mkoani Kigoma na kufika Burundi. Inapimwa kwa kilo na kufungwa kwenye magunia.

Katika jimbo la Utah nchini Marekani kuna chumvi ambayo watu huifuata kutoka mbali bila nia ya kununua hata kilo moja. Imetandazwa chini kama sakafu, nyeupe na ngumu, na kila Agosti mafundi hufika wakivuta kwenye matela magari waliyoyaunda wenyewe, mengine gereji, mengine nyuma ya nyumba. Wanataka kujua jambo moja tu: gari langu linaweza kwenda kasi gani?

Mahali hapo panaitwa Bonneville, jirani na mji mdogo wa Wendover, kwenye mpaka wa Utah na Nevada, mita zipatazo 1,280 juu ya usawa wa bahari. Wakati wa baridi maji hufunika uwanda. Jua la kiangazi huyakausha, na tabaka la chumvi linalobaki huwa limejisawazisha lenyewe. Dereva anaweza kunyoosha gari kilomita nane bila kukutana na kona, tuta wala mti.

Magari hayashindani bega kwa bega. Hutoka moja moja, dereva akifuata mstari uliochorwa kwa rangi juu ya weupe ule, na mitambo ya saa ikipima kasi yake. Wanaosimamia mashindano ya Agosti, yanayoitwa Speed Week, ni chama cha Southern California Timing Association kilichoanzishwa mwaka 1937. Mashindano yenyewe yalianza mwaka 1949, na wengi wanaoyaendesha ni watu wa kujitolea.

Kuna sharti moja ambalo limewaliza mafundi wengi kuliko injini zilizopasuka. Kasi ya mara moja haiandikwi kuwa rekodi. Lazima gari lirudie, na kinachoandikwa ni wastani wa mbio mbili. Familia moja ya California ilihitaji miaka 58 kulikamilisha sharti hilo.

Spea za vita

Anayeuza spea za mitumba angeelewa haraka jinsi magari haya yanavyozaliwa. Bill Burke, kijana wa California aliyetumikia upande wa Pasifiki katika Vita vya Pili vya Dunia, aliona huko matangi ya ziada ya mafuta yanayoning'inizwa chini ya ndege za kivita. Umbo lake lilikuwa kama tone la maji, limetengenezwa ili kukata upepo. Vita vilipokwisha matangi hayo yakawa chuma chakavu. Mwaka 1946 Burke alinunua moja, akaweka injini na magurudumu, na kuanzia hapo tangi la ndege likawa bodi ya gari la mbio. Hadi leo magari ya aina hiyo yana daraja lake Bonneville.

Art Arfons wa Ohio alikwenda mbali zaidi. Alinunua kwa wauza sikrapu injini ya ndege ya kivita aina ya J79 iliyokuwa imeharibika, akaitengeneza mwenyewe nyumbani na kuifungia kwenye gari alilolipa jina la Green Monster. Mwaka 1965 gari hilo lilikimbia Bonneville kwa wastani wa kilomita 927 kwa saa na kuweka rekodi ya dunia.

Hata hivyo, gari la Arfons lilisukumwa na moshi wa injini ya ndege, magurudumu yakibingirika tu. Mafundi wengi wa chumvi hulitenga gari la namna hiyo na gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu kama gari lolote la barabarani. Katika kundi hili la pili ndimo alimokuwa Mickey Thompson.

Fundi wa chumvi hujenga tofauti

Gari la chumvi halijengwi kama gari la mbio za barabarani. Kwenye lami fundi hupunguza uzito. Kwenye chumvi mara nyingi huongeza, hata kwa kufunga vipande vya risasi kwenye chesisi, kwa sababu chumvi huteleza na tairi bila uzito juu yake huzunguka palepale.

Adui mkubwa ni upepo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayohitajika kuupasua upepo huongezeka mara nane. Kwa hiyo anayetaka kutoka kilomita 300 hadi 600 kwa saa hawezi kuongeza injini ya pili akaridhika. Ndiyo maana magari haya ni membamba na marefu kama mtumbwi, na dereva hulala chali ndani yake.

Tairi za kasi kubwa zina mpira mwembamba mno, kwani mpira mnene hung'oka na kurushwa zinapozunguka kwa nguvu. Kusimama hakutegemei breki za kawaida. Parachuti hufunguka nyuma na kulivuta gari. Kabla ya kuruhusiwa kukimbia, kila gari hukaguliwa: fremu ya mabomba inayomkinga dereva likipinduka, mikanda, mitungi ya kuzima moto, nguo zisizoshika moto. Dereva mgeni haachiwi kasi yote siku ya kwanza. Hupanda ngazi, leseni baada ya leseni.

Na gari likitoka uwanjani huoshwa kila pembe, maana chumvi iliyolisaidia kukimbia ndiyo itakayolila chuma chake.

Injini nne na propela moja

Mickey Thompson alikuwa mfanyakazi wa mitambo ya kuchapia gazeti la Los Angeles Times. Baada ya zamu alijenga magari. Gari lake la Challenger lilikuwa na injini nne za Pontiac, za aina iliyokuwa ikitembea barabarani kila siku. Mbili zilizungusha magurudumu ya mbele na mbili ya nyuma. Giaboksi zilitoka kwenye magari ya zamani ya Cadillac-LaSalle ya mwaka 1937. Kiti cha dereva kilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya magurudumu ya nyuma.

Rekodi aliyoifukuza ilikuwa ya Mwingereza John Cobb, mfanyabiashara wa ngozi za manyoya. Mwaka 1947, palepale Bonneville, Cobb aliweka wastani wa kilomita 634 kwa saa kwa gari lenye injini mbili za ndege.

Tarehe 9 Septemba 1960 Thompson aliingia kwenye Challenger na kukanyaga mafuta. Saa zilisoma maili 406.60 kwa saa, yaani kilomita 654. Alikuwa Mmarekani wa kwanza kuvuka maili 400 kwa saa, ndani ya gari lililobuniwa na mtu asiye na kiwanda.

Kwa rekodi ya dunia sheria ilitaka, na bado inataka, mbio mbili za kuelekeana, kwenda na kurudi, ndani ya saa moja. Sababu yake ni rahisi. Upepo unaokusukuma ukienda utakukabili ukirudi, na wastani wa mbio mbili huondoa msaada huo. Timu ya Thompson iliigeuza Challenger, ikaipa mafuta na kuirudisha kwenye mstari. Ilipoanza kurudi, propela shafti ikakatika.

Kitabuni rekodi ilibaki ya Cobb. Mwaka 1965 ndugu wawili wa California, Bob na Bill Summers, walileta gari lao Goldenrod lenye injini nne za Chrysler zilizopangwa kwa mstari mmoja. Walikwenda na wakarudi. Wastani wao ulikuwa kilomita 658 kwa saa, mbele kidogo tu ya kasi ambayo Thompson alikwisha kuifikia upande mmoja miaka mitano kabla.

Kilichobaki ghalani

Thompson hakukata tamaa. Mwaka 1968 alijenga Challenger 2 ya bati la alumini, ikiwa na injini mbili badala ya nne. Mwaka huo mvua ilijaza maji uwandani. Wafadhili walijitoa, na gari likawekwa ghalani. Lilikaa huko miaka zaidi ya arobaini.

Mwanzoni mwa 1988 baba alizungumza na mwanawe, Danny, juu ya kulitoa gari. Safari hii Danny angeendesha. Kabla hawajaanza, asubuhi ya tarehe 16 Machi 1988, Mickey Thompson na mkewe Trudy walipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yao. Mwaka 2007 mahakama ilimtia hatiani mtu aliyewahi kuwa mshirika wa Thompson katika biashara. Wawili hao walikuwa wamefikishana mahakamani kwa fedha.

Danny Thompson alianza kulifufua gari hilo mwaka 2010. Umbo na sehemu kubwa ya bodi aliyoacha baba yake vilibaki. Injini zilibadilishwa, mbili mpya zikatumia nitromitheni badala ya petroli, na kila kinachohusu usalama kikajengwa upya kwa kanuni za leo.

Gari lilipokaribia kuwa tayari, uwanja ndio haukuwa tayari. Speed Week ya 2014 na ya 2015 zote zilifutwa, kwa maji, tope na uhaba wa chumvi ngumu. Mafundi wa muda mrefu wanasema tabaka la chumvi limepungua mno tangu siku za Mickey, na wengi wao huulaumu uchimbaji wa potashi ulioyahamisha maji ya chumvi kwa miongo mingi. Tangu 1997 kumekuwa na mpango wa kuyarudisha maji hayo uwandani, lakini ubishi kuhusu nini hasa kinailinda chumvi haujaisha. Aliyetumia miaka kujenga gari anaweza kufika na kukuta barabara yake haipo.

Agosti 2018 chumvi ilishika. Tarehe 11, Danny, akiwa na umri uliokaribia miaka 70, aliendesha Challenger 2 kwa kilomita karibu 719 kwa saa. Kanuni ya Speed Week haidai kurudi ndani ya saa moja. Inadai gari lifungiwe eneo maalumu chini ya ulinzi, fundi apewe saa chache tu za kulishughulikia, kisha likimbie tena asubuhi inayofuata.

Hapo ndipo familia hii ilikuwa imekwama mwaka 1960: mbio ya kwanza nzuri mkononi, ya pili bado, na gari ambalo sehemu moja ndogo ingeweza kulisimamisha.

Asubuhi ya tarehe 12 Danny aliondoka tena kwenye mstari. Shafti zilishika. Saa zilisoma kilomita karibu 726 kwa saa, kasi kubwa kuliko ya jana yake. Wastani ulioandikwa ni maili 448.757 kwa saa, sawa na kilomita 722, na kwa wakati ule hakukuwa na gari la injini ya pistoni lililowahi kuandikiwa kasi kubwa kuliko hiyo.

Gari lilikuwa na umri wa miaka 50. Parachuti zilipolisimamisha, Danny alisubiri atolewe ndani ya chumba kile chembamba, na mbio zake na Challenger 2 zikaishia hapo. Mbio ya pili ambayo baba yake hakuimaliza mwaka 1960 ilikuwa imemalizwa.