Mifuko Mitatu, Kelele Moja

Tangu Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ichukue nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa bima ya afya, tarehe 1 Oktoba 2024, Wakenya wamekuwa na gumzo moja: makato. Zamani aliyepata shilingi 100,000 kwa mwezi na aliyepata 500,000 wote walitoa 1,700. Sasa kila mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara ghafi, bila kikomo. Wa kwanza hutoa 2,750, wa pili 13,750. Anayelipwa 20,000 ameshuka kutoka 750 hadi 550. Kwa hesabu hiyo, sina ugomvi na asilimia yenyewe.

Ugomvi wangu unaanzia kwa mama mboga. Hana mwajiri wa kumkata, basi mfumo unamkadiria kwa maswali: nyumba imeezekwa nini, maji anateka wapi, choo ni cha aina gani, anapikia kuni au gesi. Majibu ndiyo yanayozaa mchango wake, usiopungua 300 kwa mwezi. Shilingi 10 kwa siku, nani atashindwa? Ila utaratibu ulimtaka alipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, 3,600 kwa uchache, na hiyo ndiyo pesa anayoamkia nayo sokoni kununua nyanya. Akiitoa leo, kesho meza ni tupu. Baadaye ukaja mpango wa Lipa SHA Pole Pole, akopeshwe mchango arejeshe kidogo kidogo. Yaani bima nayo sasa inaingia kwenye daftari la madeni.

Hayo yote ni habari za mfuko mmoja tu, ule wa bima. Sheria ya bima ya afya ya 2023 iliunda mitatu. Wa afya ya msingi hulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya, na mgonjwa hadaiwi kitu. Wa dharura na magonjwa sugu humpokea, kwa mfano, mwenye saratani ambaye kiwango chake cha bima kimekwisha katikati ya tibakemikali. Hii miwili hutegemea bajeti ya serikali, na huko inapanga foleni nyuma ya riba za madeni ya taifa, ambazo hazisubiri. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi afya asilimia 15 ya bajeti. Kenya haijaifikia.

Kwa hiyo kila Juni, Waziri wa Fedha anapoinua mkoba wake bungeni, wenzangu husikiliza kodi zilizopanda. Mimi hutafuta mistari miwili ya mifuko hiyo, kisha Disemba naulizia kilichofika zahanati.