Tela Jipya la Ng'ombe: Mambo ya Kujua Kabla ya Kupakia Mzigo wa Kwanza

Katika kata ya Mugango, na kwa jumla katika vijiji vya Musoma, Bunda na Butiama vilivyo karibu na Ziwa Victoria, familia nyingi za wakulima huanza kwa kununua jembe la kukokotwa na ng'ombe, na tela huja miaka mingi baadaye au lisije kabisa, ingawa jembe hufanya kazi kwa majuma machache tu ya msimu wa kulima ilhali tela hufanya kazi mwaka mzima. Tela ni gari lisilo na injini ambalo huvutwa na kitu kingine, iwe trekta, pawatila au maksai, yaani ng'ombe dume waliohasiwa na kufundishwa kazi. Ndilo linalobeba mihogo kutoka shambani, pamba hadi kwenye ghala la chama cha ushirika, mchanga na mawe ya ujenzi, kuni, na maji ya kaya ambazo bado ziko mbali na mabomba, japokuwa mradi wa kutoa maji ziwani Mugango na kuyapeleka Kiabakari na Butiama umewapunguzia wengi safari hizo. Kwa sababu hiyo, anayelimiliki kwa mara ya kwanza hulitumia kwa hamu kubwa, na katika miezi ya mwanzo ndipo makosa ya upakiaji huumiza wanyama, huvunja chuma na pengine huua watu.

Matela mengi ya vijijini hutengenezwa na mafundi wa kuchomelea vyuma, ambao huchukua ekseli ya gari bovu, yaani chuma kinachounganisha magurudumu mawili, na kuijengea bodi ya mbao au ya bati juu yake. Si jambo baya, kwani ekseli iliyobeba gari dogo la mizigo ina nguvu ya kutosha kubeba tela la ng'ombe, lakini mnunuzi anapaswa kuikagua yeye mwenyewe badala ya kuvutiwa na rangi mpya ya bodi. Ukaguzi wenyewe ni mwepesi. Upande mmoja huinuliwa kwa jeki, gurudumu likazungushwa kwa mkono huku sikio likiwa karibu, na sauti ya kukwaruza huonyesha kwamba beringi, yaani kile kikombe cha gololi kinachoruhusu gurudumu kuzunguka, imeliwa au imekauka grisi. Kisha gurudumu hushikwa juu na chini na kutikiswa, na likicheza, nati ya ndani imelegea au beringi imekwisha. Baada ya safari ya kwanza ya saa moja hivi, kiganja cha mkono kikilazwa katikati ya gurudumu, pale penye nati, panapaswa kuwa na uvuguvugu tu. Pakiwa pa moto kiasi cha kumfanya mtu aondoe mkono, tela lisiendelee na kazi mpaka lifunguliwe na kupakwa grisi upya. Matairi mawili ya ukubwa tofauti, ambayo wauzaji wengine huyafunga kwa kuwa ndiyo yaliyopatikana, yakataliwe, kwa sababu tela lililolala upande mmoja huvuta kwenda upande huo siku zote na kumchosha maksai mmoja kuliko mwenzake.

Jambo linalostahili kufikiriwa kuliko yote ni mahali uzito unapokaa. Tela la magurudumu mawili limeegemea mhimili mmoja, kwa hiyo mzigo ukizidi mbele ya ekseli, boriti ndefu inayotoka kwenye bodi hadi kwenye nira hushuka na kukandamiza shingo za maksai, na mzigo ukizidi nyuma, boriti huinuka, nira ikapanda, na kamba zinazopita chini ya shingo zikaanza kuwakaba wanyama koo. Nira ni ule mti unaolazwa juu ya shingo za maksai wawili, mbele ya nundu, na ng'ombe huvuta vizuri pale tu inapokaa bila kugandamiza wala kuelea. Njia ya kuhakikisha ni kusimamisha tela lililopakiwa kwenye ardhi tambarare kabla ya kufunga wanyama, kisha mtu mmoja akainua ncha ya boriti: anapaswa kuhisi uzito kidogo unaoinuliwa kwa mikono bila taabu, na kamwe ncha isipae yenyewe. Sheria hiyohiyo inawaongoza watu wa Marekani na Ulaya wanaovuta kwa magari yao nyumba ndogo za magurudumu ziitwazo karavani, ambao hushauriwa kuacha sehemu ya uzito wote mbele, kwenye kiungio (huko Marekani takriban asilimia 10 hadi 15), kwa kuwa karavani yenye uzito mwingi nyuma huanza kuyumba kwenye mwendo kasi na huweza kulipindua hata gari linaloivuta. Tela la ng'ombe haliendi kasi, hivyo kiasi kidogo kuliko hicho hutosha, ila uzito lazima uelekee mbele kidogo na usirudi nyuma.

Mizani hiyo hubadilika njiani. Tela likipanda mlima, uzito wa mzigo huhamia nyuma, na likishuka huhamia mbele, na kadiri mzigo ulivyorundikwa juu ndivyo mabadiliko yanavyokuwa makubwa. Kwa hiyo vitu vizito kama mawe na magunia ya nafaka huwekwa chini, juu ya ekseli, na vile vyepesi kama kuni kavu huwekwa juu yake, vyote vikafungwa kwa kamba. Maji yanahitaji uangalifu wa pekee, kwa sababu pipa lisilojaa huyaacha yakimbie mbele na nyuma kila tela linapotikisika, hivyo ni afadhali kubeba pipa moja lililojaa na kufunikwa kuliko mawili yenye nusunusu.

Mmiliki mpya hudanganyika zaidi kwa macho, kwa kuwa macho hupima ukubwa wala hayapimi uzito. Lita moja ya maji ina kilo moja, kwa hiyo pipa la lita 200 ni kilo 200 bila kuhesabu pipa lenyewe, na mita moja ya ujazo ya mchanga hufikia takriban kilo 1,600. Bodi yenye urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2, ikijazwa mchanga hadi kina cha sentimita 30 tu, huwa imebeba zaidi ya kilo 1,100, na bado huonekana kama haijajaa. Maksai wawili wa kienyeji wenye kilo 300 kila mmoja wanaweza kuvuta kwa saa kadhaa kwa nguvu inayokaribia sehemu ya kumi ya uzito wao, yaani kama kilo 60 kwa pamoja. Tela la matairi ya upepo lenye jumla ya kilo 1,000, yaani bodi na mzigo wake, huhitaji mvuto wa kilo 50 hivi kwenye barabara ngumu na tambarare, jambo ambalo wanyama hao wanalimudu. Lakini kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 20 huongezeka kilo nyingine 50, na kwenye mchanga mlaini mahitaji huweza kuwa mara tatu ya yale ya mwanzo. Hapo wanyama hawawezi kuendelea kwa muda mrefu, hata wakichapwa namna gani, na kuwachapa ni kuwaadhibu kwa hesabu aliyoikosea mwenye tela.

Hesabu hii ina uzito wa pekee Mugango, kwa kuwa ziwa ndilo mahali pa chini kuliko pote, na mzigo wowote unaotoka ufukweni, uwe maji, mchanga au dagaa, hupanda. Anayepakia ufukweni apime mzigo kwa kufuata mwinuko mkali kuliko wote ulio mbele yake, wala asiupime kwa ule uwanja tambarare anaopakilia. Mazao yanayotoka mashamba ya juu nayo hushuka, na hapo ndipo linapokuja suala la breki, ambalo wengi hulipuuza. Tela lisilo na breki huzuiwa na shingo za maksai pekee, nalo likiwasukuma kwa nyuma huwatia hofu na kuwafanya wakimbie. Fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kufunga mkono wa chuma unaobana kipande cha mti kigumu kwenye matairi yote mawili, na pasipo hiyo, gogo zito lililofungwa kwa mnyororo nyuma ya tela na kuburuzwa hupunguza mwendo kwenye mteremko.

Wanaovuka au kufuata barabara kuu ya Mwanza hadi Sirari, inayopita Bunda na Kiabakari, wako katika hatari nyingine, kwani basi au lori huwafikia kwa mwendo ambao tela haliwezi kuukwepa. Viakisi mwanga vyekundu nyuma na vyeupe mbele vina bei ndogo na vifungwe siku ya kwanza, lakini jema zaidi ni kutosafiri usiku kabisa kwenye barabara hiyo, na mtoto asiachiwe kuongoza ng'ombe mahali hapo.

Kuhusu wanyama wenyewe, wafundishwe kwanza kwa kuburuza gogo jepesi, kisha tela tupu, na mzigo uongezwe kidogokidogo. Waogeshwe mara kwa mara kwenye josho ili kuepuka ndigana inayoletwa na kupe. Na wakipata kidonda cha nira wapumzishwe mpaka kipone.

Kishawishi kikubwa cha mmiliki mpya, hasa aliyenunua kwa mkopo, ni kulikodisha tela tangu wiki ya kwanza kwa wabeba mchanga wanaolipa kwa safari, ambao kwa kawaida hutaka mzigo mkubwa kadiri inavyowezekana. Mapato hayo ni ya kweli, lakini ekseli iliyopinda na maksai aliyevunjika mguu huyameza yote kwa siku moja, na asiyejua bado uwezo wa tela lake hawezi kumwekea aliyelikodi mpaka. Ni bora alitumie kwa kazi za nyumbani msimu mzima kabla ya kulikodisha, na akiwa na fedha za kuchagua kati ya bodi kubwa na breki nzuri, achukue breki.